Ukisema Kweli, Usiache Kusalimia

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kila nionapo watu wa ukoo mmoja wakipishana njiani bila kusalimiana. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, nimeketi jikoni kwa bibi yangu kule Kikwe nikimweleza kwa nini sitaweza kwenda kwenye baraza la kata. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilimwambia kazi zimetubana karakanani, kuna vitanda vya mteja vinangoja. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaendelea na ndizi zake kama mtu ambaye hajaambiwa kitu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana kesi ya shamba isipoelezwa kwa utaratibu humchanganya hata anayeiamua.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni mdogo wake, baba mdogo Anaeli, fundi seremala aliyekuwa na karakana Olasiti. Alinisomesha mpaka nikamaliza shule ya msingi, akanichukua kwake, akanifundisha kushika randa na patasi. Chakula nilichokula, kitanda nilicholalia, vilikuwa vyake. Sikuwahi kumwona akimdhulumu mteja. Nakuambia haya usije ukadhani nakusimulia habari za mtu mbaya. Watu wabaya tupu, mwanangu, ni wachache sana. Wengi ni watu wazuri waliotamani kitu kimoja kupita kiasi.

Baba mdogo Anaeli alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa bibi, aliyeitwa Elisante. Huyu alibaki Kikwe akilima. Babu alipoona nguvu zinamwishia, aliwagawia hao wawili shamba: juu ya mfereji pawe pa Anaeli, chini ya mfereji pawe pa Elisante. Siku hiyo mimi ndiye niliyechimba mashimo ya kupandia masale, ile mimea ambayo kwetu Meru ndiyo hati ya mpaka. Nilimsikia babu akisema kwa kinywa chake kwamba chini ni pa Elisante na watoto wake. Baba mdogo Anaeli alikuwepo, akashukuru. Alikuwepo pia mzee mmoja jirani.

Babu akafa. Baadaye Elisante naye akaugua, akaondoka, akimwacha mkewe, mama Neema, na watoto wadogo. Udongo wa kaburi haujatulia, baba mdogo Anaeli akatangaza kwamba upande wa chini hakupewa mtu, Elisante aliazimwa tu. Masale yakang'olewa. Mama Neema akaamka asubuhi akakuta trekta limepita kwenye maharage yake.

Alipeleka malalamiko baraza la kata. Wakamtaka alete shahidi. Akamwendea yule mzee jirani, mzee akasema umri umemwondolea kumbukumbu, ingawa majina ya ng'ombe wake wote wa ujanani alikuwa bado anayataja. Nikabaki mimi.

Basi ungesikia nilivyoshauriwa! Huyu ananiambia damu ni nzito kuliko maji. Yule ananiambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Na mimi jembe lile nililipenda, mwanangu, maana lilinipa ruhusa ya kuondoka. Baba mdogo mwenyewe hakunitisha hata kidogo. Aliniambia tu, tukiwa tunapiga msasa meza, kwamba siku za karibuni anafikiria kunikabidhi karakana. Nilielewa.

Ndiyo nikaenda kwa bibi na habari za vitanda. Alipomaliza kumenya, akanawa mikono, akaniangalia.

"Anaeli nimemzaa mimi," akasema. "Elisante nimemzaa mimi. Mama Neema anaporwa shamba, na hilo linaniuma. Lakini anayepotea ni Anaeli. Wewe unadhani ukinyamaza unamsaidia. Humsaidii. Unamsindikiza."

Nikamwambia, bibi, huyu amenilea, nikisimama mbele za watu nikampinga nitaonekana sina shukrani.

"Siku ya kipaimara ulisimama kanisani na shati jeupe ukaahidi," akasema. "Nilikuwepo. Sikusikia ukiahidi kuwa mkweli kwa wale tu wasiokulisha."

Alinipakulia ndizi, nikala, sikuonja ladha yake.

Siku ya baraza nilikwenda. Chumba kilijaa. Mama Neema aliketi peke yake kwenye benchi, upande wa pili waliketi ndugu zangu wote, na baba mdogo katikati yao amevaa koti lake la kanisani. Mwenyekiti akaniuliza kama nilikuwepo siku shamba linagawiwa. Nikasema nilikuwepo, mimi ndiye niliyechimba mashimo. Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Nikaeleza yote, babu alisimama wapi, alisema nini, nani alishukuru. Nilisema nikimtazama baba mdogo, kwa sababu niliona ni aibu kumsema mtu huku nimemgeuzia kisogo. Yeye alikuwa akitazama mikono yake.

Mama Neema alirudishiwa shamba. Nilipofika Olasiti nilikuta kijisanduku changu cha vifaa kimewekwa nje, kwenye mlango wa karakana, kimefungwa vizuri kwa kamba. Hakukuwa na matusi. Ilikuwa kamba tu, na fundo lile alilonifundisha yeye mwenyewe.

Nikarudi kwa bibi nikiwa na uchungu, na nikiri, nikiwa na majivuno kidogo. Nilitaka aniambie nimefanya vyema. Akaniambia, kwa ufupi. Kisha akasema, "Jumapili utamngoja nje ya kanisa, umwamkie."

"Asipoitikia, bibi?"

"Sikukutuma ukamfanye aitikie. Nimekutuma ukamwamkie."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojua kwamba baraza lilikuwa sehemu nyepesi. Kusema kweli mara moja, mbele ya watu, hata mwenye hasira anaweza. Hasira yenyewe humsukuma. Kazi ni siku ile inayofuata.

Jumapili ile nilisimama kando ya mlango. Alipotoka nikasema, "Shikamoo, baba." Akapita. Watu waliona. Vijana wenzangu wa kwaya waliona, wakatazama pembeni kwa kunihurumia. Jumapili nyingine nikasimama tena. Akapita. Masika yakaja yakaondoka, kahawa ikachumwa, masika yakaja tena, na mimi nasimama. Nilikuwa nimepata kazi kwa fundi mmoja Mchaga, mwenyeji wa Rombo, Mkatoliki mwenye maneno machache. Rafiki yangu mmoja aliniambia najidhalilisha, mwanamume hawezi kuwa kama mlango unaosukumwa na kila mtu. Nilikaribia kumsikiliza. Kuna Jumapili nilizotoka kanisani kwa mlango wa nyuma, lakini Jumapili iliyofuata nilirudi kusimama pale, kwa sababu niligundua kitu: Jumapili niliyokwepa, wiki nzima nilimchukia. Na Jumapili niliyomwamkia, sikuweza kumchukia vizuri. Chuki nayo inataka kutunzwa kama mbegu, isipomwagiliwa inanyauka.

Ninyi wa siku hizi mna njia rahisi. Mtu akikuudhi, unambonyeza kwenye simu, anatoweka. Sisi tulilazimika kuonana. Nadhani Mungu alitusaidia kwa hilo.

Kisha bibi akafariki. Alfajiri nilipopata habari nilichukua kijisanduku changu, na miguu ikanipeleka Olasiti bila kuniuliza. Nilimkuta baba mdogo karakanani, ameshachagua mbao, ameshaanza kupima jeneza la mama yake. Alikuwa peke yake. Nikashika upande wa pili wa ubao. Tulifanya kazi mpaka jua likawa juu. Alichoniambia siku ile ni "shika hapo" na "punguza kidogo." Tulipofika kwenye kifuniko, machozi yalimdondoka juu ya mbao, akayafuta kwa msasa, akaendelea. Tulimzika bibi. Na Jumapili iliyofuata nikamwamkia, akapita kama kawaida. Usidhani msiba huponya kila kitu. Wakati mwingine unalainisha tu udongo.

Miaka ilikwenda. Nikaoa, nikafungua karakana yangu. Binti mkubwa wa baba mdogo, Elifuraha, dada yangu mimi, aliolewa Nkoaranga, huko juu mlimani. Yeye na mumewe walipojenga nyumba waliniita nikawatengenezee milango na madirisha, kwa siri kidogo, baba asijue. Siku nafunga mlango wa mbele, baba mkwe wake alikuja na wazee wawili, akasimama uani, akasema mbele yetu kwamba migomba ile na kahawa ile mpaka korongoni amempa mwanawe. Nilisikia, nikaendelea kupiga misumari. Sikujua ninachosikia kitahitajiwa.

Elifuraha naye akawa mjane. Ajali ya pikipiki, kwenye mteremko. Na shemeji zake wakafanya vilevile, mwanangu, kama vile walifundishwa darasa moja na baba mdogo: shamba halikutolewa, liliazimwa. Akaambiwa arudi kwao.

Jioni moja nilimwona baba mdogo Anaeli amesimama kwenye lango la nyumba yangu. Alikuwa amezeeka, ameshika fimbo. Nikamwamkia. Akaitikia haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara, akaingia, akakaa. Mke wangu alimletea chai, hakuigusa. Akanieleza habari za Elifuraha. Kisha akaniambia amesikia kwamba siku baba mkwe wake anatoa shamba nilikuwepo, na akaniomba niende Nkoaranga nikaseme.

Nikamjibu, "Nitakwenda, baba. Lakini nitasema niliyoyasikia tu. Siwezi kuongeza."

Aliitikia kwa kichwa pole pole. "Ndicho nilichokuja kukiomba," akasema. "Watu wa kusema ninavyotaka mimi ninao wengi. Nimewafikiria wote, hakuna hata mmoja ambaye watamwamini."

Tulipanda Nkoaranga pamoja. Njia ile ni kali, alikuwa akisimama kuvuta pumzi, na mimi nasimama naye. Kwenye kikao cha wazee nilieleza: mlango, wazee wawili, maneno yale. Nilipomaliza, mkubwa wa wale shemeji akainuka akasema ushahidi huo haufai, huyu ni ndugu wa mjane, ndugu hawezi kumsema ndugu yake vibaya, lazima atampendelea. Wazee wakaanza kunong'ona. Nikaona jambo linaharibika.

Baba mdogo akasimama. Alisimama kwa shida, nikataka kumshika mkono, akaukataa.

"Huyu aliwahi kutoa ushahidi juu yangu mimi niliyemlea," akasema. "Nilitaka kuchukua shamba la mjane wa marehemu mdogo wangu. Shamba halikuwa langu. Nilijua halikuwa langu. Alisema kweli, nikamfukuza kazi, na tangu siku hiyo hajaacha kuniamkia hata nilipomnyima jibu. Mkimkataa huyu, sijui mtampata wapi shahidi."

Elifuraha alikuwa analia, amefunika uso kwa khanga. Wale wazee wawili waliokuwepo siku ya mlango, ambao mpaka hapo walikuwa wamekaa kimya, wakatazamana, kisha mmoja akasema ni kweli, hata yeye alisikia. Dada yangu alibaki na shamba lake, na yuko pale hadi leo.

Tuliposhuka, baba mdogo hakutaka kurudi Olasiti. Aliniambia nimpeleke Kikwe. Nilimfikisha kwa mama Neema, yule mjane aliyemtendea ubaya, nikabaki barabarani, kwa sababu kuna maneno ambayo hayahitaji shahidi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, mama Neema alikuwa anamsindikiza, amembebea mkungu wa ndizi.

Mwanangu, nimekusimulia yote haya ili nikuambie jambo moja. Utakutana na siku ambayo kweli itakugharimu mtu unayempenda. Iseme. Usiifunge kwenye kitambaa cha hekima ukasema unalinda amani. Amani inayolindwa kwa kumlaza mjane njaa hiyo si amani, ni ukimya tu. Lakini ukishaisema, usimwache uliyemsema. Nenda kamwamkie. Nenda msibani kwake, shika upande wa pili wa ubao. Wapo wanaosema kweli ili wapate kuchukia kwa haki, na wapo wanaopenda kwa kumeza kila uongo. Njia ya Kristo inapita katikati ya hao, ni nyembamba na ina utelezi, na haipitwi mara moja ukamaliza. Inapitwa kila Jumapili, na Jumatatu, na kazini, na kwenye kundi la ukoo huko kwenye simu zenu.

Huenda asiitikie. Wewe hukutumwa ukamfanye aitikie.

Mungu akupe ulimi usiopinda na mkono usiokunja ngumi. Akupe mtu wa kukuambia kweli siku utakayopotea, na akupe moyo wa kumsamehe mtu huyo. Mashamba yako yazae, milango yako isikose wa kubisha hodi, na wajane wa ukoo wako walale usingizi kwa sababu wewe upo. Nenda kwa amani, mwanangu.