Paneli ya Kukamata Ukungu

Mnanisumbua nisimulie tena, na nusu yenu mlikuwepo gulioni Lukozi. Haya. Muuza sola alimwambia mama mmoja wa Malindi ya huku kwetu milimani, huku akiipapasa paneli kama shavu la mtoto: "Shikamoo mama. Hii ina chembe ndogo kuliko vumbi, inakamata mwanga hata kwenye ukungu."

Mama akanunua, apate kuchaji simu ya kumwita dalali aje kununua kabichi zake. Ukungu ukakaa siku nne, simu ikazima, dalali akajaza lori kwingine.

Gulio lililofuata mama akamshika muuza sola kola. "Chembe zako zililala, mwanangu?"

"Zinahitaji kajua kidogo, mama."

Chembe sizibishii, mimi sikusoma. Ukungu wetu naujua. Wazee wa soko wakaamua kabichi zote za mama azinunue huyo muuza sola. Leo amekaa na magunia kumi, anafukuza nzi kwa kipeperushi cha paneli.