Mkono wa Mama Ulipigwa Mionzi Mara Mbili

Hadi leo nikikaribia hospitali ile ya Morogoro mjini navuka barabara nisionekane, na kilichoniponza ni mdomo wangu. Mnanijua: diploma ya umeme nimejisomesha mwenyewe kwa kufunga nyaya kwenye nyumba za watu Dar, nikarudi kwetu Mgeta na vyeti vyangu (viko sebuleni, nimevitia fremu), kwa hiyo mama alipoteleza njiani na tenga la kabichi na kifundo cha mkono kikavimba, nani mwingine angempeleka kupigwa eksirei?

Tukiwa kwenye benchi mama akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ile mashine inauma. Ningejibu haiumi, mambo yangeishia hapo. Lakini benchi lilijaa watu, basi nikasimama, nikaeleza kwamba mawimbi ya redio, mwanga wa jua na eksirei ni ndugu wa tumbo moja, ila kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyobeba nishati kubwa, na eksirei ni fupi mno, inapenya nyama, inaweza hata kung'oa elektroni kwenye atomi za mwili (hapo nikachomoa kalamu mfukoni, chwap, kuonyesha inavyong'oka).

"Inang'oa?" akauliza dada mmoja aliyebeba mtoto, akainuka. Mzee aliyekaa jirani yake akamfuata. Mama akaukumbatia mkono wake. "Nimeshavunjika, mwanangu, unataka na kung'olewa ning'olewe? Siingii."

Mtaalamu wa eksirei, binti ambaye kwa umri ningemtuma dukani, akatoka akakuta benchi nusu tupu. "Nani kawatisha?" Vidole vyote kwangu.

"Kaka, ulichosema ni kweli," akasema, "ila hukuwaambia kiasi. Tunatumia kidogo sana. Na bila picha, mfupa wa mama unaweza kuunga vibaya."

Mama akanitazama. "Basi uingie na mimi, unishike."

Nikavalishwa gauni zito la kuzuia mionzi, nikamshika kiwiko kama nilivyoelekezwa. Mama alitulia kama yuko kanisani. Mimi, mashine iliponguruma, nilizikumbuka elektroni zangu zote, nikafumba macho, nikamvuta mkono.

Picha ikatoka na ukungu. "Imecheza," binti akasema. "Turudie. Kaka, wewe subiri nje."

Nikatoka na gauni lao mwilini, nikawakuta niliowatisha wamesharudi kukaa.

"Fundi, zimeng'olewa ngapi?" mzee akauliza, benchi zima likaangua kicheko.

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimenyong'onyea: mionzi niliyomwogopesha nayo mama, mimi ndiye niliyemwongezea. Kidogo, najua, na bado ni mimi. Naye kule ndani, peke yake, hakutikisika.

Kumbe mfupa ulikuwa na ufa tu, na leo anafunga tena mafungu yake ya karoti. Ila siku ile alipotoka, jambo la kwanza aliloniuliza, bila mzaha wowote, ni kama mimi nimeumia. Tangu hapo nimeapa: mtu mwenye hofu akiniuliza swali, nitajibu alichouliza, basi.