Nusu kwa Nusu

Mimi si mtu wa kudanganyika ovyo. Miaka ishirini na sita nimeishi na mume fundi redio, najua hata anavyokohoa akiwa na jambo. Kwa hiyo alipoanza kusimama mlangoni, nikajua hapa pana kitu.

Anarudi kutoka karakana yake ya uani, anafika kizingitini, anasimama. Miguu imegoma. Uso mkavu, hacheki hata nikimtania. Nani anaogopa kuingia nyumbani kwake kama si mwenye makosa? Dalili ya mvua ni mawingu.

Kisha ikatoweka saa ya ukutani, ile tuliyopewa na dada yangu siku ya harusi. Nikaikuta karakanani, imepasuliwa tumbo. "Nimechukua fuwele yake tu, kile kijiwe cha ndani," akasema bila kunitazama. Fuwele! Nikasema moyoni, leo saa, kesho kitanda.

Kilichonimaliza ni simu. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia akimwambia fundi mwenzake: "Nagawa nusu kwa nusu. Mara kumi na tano, mpaka ibaki moja. Mama watoto asijue kwanza."

Basi. Kumbe kiwanja chetu kinagawanywa, na yupo mtu huko anasubiri nusu yake. Nikafungasha nguo zangu, nikaliweka begi mlangoni alione mwenyewe.

Alipofika akasimama palepale, begi miguuni pake. Shati limevimba kiunoni, na ndani yake kitu kinagonga: tik, tik.

"Hiyo nini? Zawadi ya nani?" Nikaingiza mkono, nikavuta. Kikatoka kikopo cha sabuni, nyaya mbili zikakatika. Mlio ukafa.

"Umeniulia miguu," akasema taratibu.

Ndipo akaeleza. Daktari kamwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Miguu inaganda, mlangoni hasa, lakini ikisikia mdundo ulio sawa inakumbuka kutembea. Akaunganisha saketi kwa vipuri vya redio mbovu. Fuwele ya saa hutetemeka mara elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane kwa sekunde. Ukigawa nusu kwa nusu mara kumi na tano, inabaki moja. Pigo moja kila sekunde, siku nzima, kwa betri ndogo tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona unavyonitazama siku hizi. Nikadhani umeshanichoka, na hapo hata hujajua naumwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikalisukuma begi pembeni. Yeye bado ameganda kizingitini, jasho linamtoka, mkono umeushika mwimo wa mlango. Nikaanza kupiga makofi. Moja. Moja. Moja. Mguu wa kulia ukainuka kidogo, ukarudi.

"Unakimbiza," akasema. "Sekunde ni ndefu kuliko hivyo."

Nikapunguza mwendo, naye akaingia ndani.