Boila ya Attracta

Malachy Mulvey hakuwahi kuoa, dada yake Attracta hakuwahi kuolewa, na nyumba waliyoachiwa na wazazi wao huku Leitrim waligawana bila kuandikiana. Nje kwa Malachy: ng'ombe, matope, mageti. Ndani kwa Attracta, na boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, ilihesabiwa kuwa ya ndani ingawa imekaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Kila jioni kaka mtu akiingia kutoka zizini, kabla hajavua buti, dada mtu humuuliza, "Umefunga?" Naye hujibu, "Nimefunga." Ni geti wanalozungumzia. Mimi ni jirani yao tangu nilipoolewa upande huu wa kilima, na sidhani kama niliwahi kuwasikia wakiambiana jambo la ndani zaidi ya hilo.

Januari ile ya barafu Attracta alichukuliwa na gari la wagonjwa. Huko hospitali wakamwambia ugonjwa umeshasambaa, kilichobaki ni dawa za maumivu. Akasema kama ni hivyo anataka kufia kitandani kwake. Wakamkubalia: wangemleta Ijumaa, na muuguzi angepita kila siku kumtazama. Sharti likawa moja tu, nyumba iwe na joto, maana mapafu yake hayakuweza tena baridi. Na kioo cha dirisha la chumbani kwake kilikuwa na barafu upande wa ndani.

Tangu siku aliyoondoka, boila ilikataa kuwaka. Jiko la jikoni lilipasha jikoni tu. Vyumbani joto lilitoka kwenye vile vyuma vya ukutani, na vyuma hupewa maji ya moto na boila. Nilipopita na mkate nilimkuta Malachy amepiga magoti kibandani, kofia kichwani, makoti mawili mwilini. Alibonyeza kitufe chekundu. Mota ikavuma, cheche zikalia, kisha kimya, na taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza tena. "Haya mama, taratibu," aliiambia, sauti ileile anayombembelezea mtamba anayegoma kuingia zizini.

"Mafuta yapo?" nikauliza.

"Nimechovya ufito. Tangi limefika nusu."

"Basi mwite Packie."

"Packie ana kazi nyingi, Dympna. Nitamsumbua."

Huo ndio ugonjwa wetu huku. Mtu atazama kinamasini hadi shingoni, na ukipita ukimuuliza hali atakwambia ni nzuri tu. Nilimpigia Packie mwenyewe.

Packie Gilrane ndiye fundi wa boila wa parokia nzima, na kwa barafu ile alikuwa hajala chakula cha mezani tangu wiki ianze. Alikuja, akatazama kile kitufe.

"Umekibonyeza sana hiki, Malachy?"

"Kidogo."

"Kidogo? Kimelika kama rozari ya marehemu mama."

Alifanya kazi yake sawasawa, sitamsingizia. Alisafisha lile jicho dogo linaloangalia kama moto umeshika. Akabadilisha nozeli inayopuliza mafuta. Akalegeza skrubu ya pampu ili atoe hewa. Haikutoka hewa wala mafuta. Bomba lilitumbukia ardhini pale tangini, likapita chini ya zege ya uani, likaibukia kibandani.

"Kuna koki nyingine hapo katikati?"

"Iko ile ya tangini tu, na iko wazi."

"Una hakika?"

"Mimi naishi hapa, Packie."

Packie akakuna kichwa. Basi, akasema, maji yameingia kwenye mafuta na yameganda humo chini. Hakuna dawa ila kulaza bomba jipya juu ya ardhi, na bomba hatalipata kabla ya Jumamosi.

"Anakuja Ijumaa," Malachy akasema.

"Si umuulize yeye? Nani alilaza bomba hili, lilipita wapi?"

"Attracta simsumbui na habari za mabomba."

Simu ililia tukiwa bado jikoni. Alikuwa Attracta. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini jikoni kwa Mulvey hakuna siri ya simu, Malachy huishika mbali na sikio.

"Nyumba ikoje?"

"Tanuri. Nimebaki na shati tu."

"Boila umeiwasha?"

"Inavuma tangu juzi."

Nikamsikia akicheka. "Basi una akili kuliko nilivyodhani," akasema. Malachy naye akatabasamu, akadhani anataniwa.

Alipokata simu nilimkaripia. "Kwa nini unamdanganya?"

"Anakufa, Dympna. Nimwongezee na hili?"

Nilivaa koti langu nikaondoka, na hadi leo najikasirikia. Alhamisi muuguzi alikuja kukagua. Huyo hakudanganyika. Aligusa vile vyuma, akatazama kioo, akasema kwa upole kwamba hawezi kumleta mgonjwa hapa mpaka pawe na joto. Nilimwambia amlete kwangu basi, kwangu kuna joto. Akampigia Attracta kumuuliza, Malachy akimsihi kwa ishara asitaje boila, na Attracta akajibu kwamba ananishukuru lakini ana nyumba yake. Jioni Malachy akamwambia dada yake kwamba barabara ya kilimani ina barafu, gari haliwezi kupanda. Jumamosi bomba halikufika. Packie alipiga simu kuomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeleta baridi.

Jumapili nilikwenda hospitali kumwona Attracta. Alikuwa amekwisha, mikono yake imelala juu ya shuka kama glavu za mtu mwingine.

"Barabara bado?"

"Bado," nikasema.

"Malachy kanishangaza, ujue." Alipumzika, akaendelea. "Nilidhani atanipigia siku ileile. Wale wezi walipofyonza tangi la mafuta la kina Gilhooly, mimi nikaweka koki ya pili pale ukutani, chini ya bamba la jiwe, nikaweka chungu changu cha maua juu. Yeye alikuwa mnadani na ng'ombe. Kila nikitoka nyumbani naifunga. Hata siku ile niliwaambia wale vijana wa gari wasubiri kwanza, nikaenda kuifunga. Yeye hajui hata kama ipo. Halafu eti kaiona mwenyewe, yule asiyeona soksi zake miguuni."

Alifurahi kweli kweli. Nikamwambia ndiyo, kaiona mwenyewe.

Niliendesha kurudi nikilia na kutukana, mpaka uani kwa Mulvey. Malachy alikuwa kibandani, amepiga magoti palepale. Sikumsemesha. Nilikipiga teke chungu kikabanduka kwenye barafu, nikainua bamba, na koki ikawa pale, safi, imefungwa.

Aliitazama muda mrefu.

"Nani alikwambia?"

"Attracta."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ulimwambia inavuma, Malachy. Akadhani umeiona."

Aliinama akaifungua. Packie alikuja mbio, akatoa hewa kwenye bomba, na safari hii moto ulishika. Vyuma vya ukutani vikaanza kugonga kimoja baada ya kingine, na barafu ya chumbani kwa Attracta ikayeyuka ikatiririka mpaka sakafuni. Malachy alipangusa maji yale kwa taulo. Akatandika kitanda. Muuguzi akapigiwa simu, akasema Jumanne asubuhi bila kukosa.

Jumatatu, kabla ya chai, hospitali walipiga. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini methali inamsema mgonjwa, na hapa mgonjwa hakuficha kitu.

Jumanne Attracta alikuja kweli, ndani ya jeneza. Mzee wa mazishi na wanawe walimwingiza chumbani kwake, wakamweka karibu na dirisha, rozari vidoleni. Nyumba nzima ilikuwa na joto. Majirani walivua makoti mlangoni, wakasema, jamani, panapendeza humu, kisha wakakumbuka. Mzee wa mazishi aligusa chuma cha ukutani, akanitazama. Huku kwetu maiti hukaa nyumbani usiku mbili ndipo azikwe, dirisha likiwa wazi, na chumba alimolala hakiwashwi joto, mwili usije ukaharibika. Kila mtu mle ndani alijua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kusema.

Nikasema mimi. "Malachy. Joto."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, bila shaka."

Packie alinyanyuka. "Kaa, mzee, nitafunga hiki chuma kimoja tu, kule kwingine kubaki na joto."

Malachy akamshika bega, akamkalisha. Kupitia dirisha lililofunguliwa tulimwona akipita uani bila koti. Mngurumo wa boila ukakatika. Kisha akapiga magoti ukutani, akaifunga koki, akarudisha bamba la jiwe, na juu yake kile chungu chenye mashina makavu, akakizungusha kidogo kikae kama Attracta alivyokuwa akikiweka.

Alirudi, akapita katikati yetu na buti zake za matope, mpaka kwenye jeneza.

"Nimefunga," akamwambia.