Aliyefunga Mkanda Atangulie

Mume wangu Maduhu haamini kamba iliyofungwa na mtu mwingine. Kwenye shimo lao la dhahabu kule Rwamgasa, aliyefunga kamba ndiye anayeshuka kwanza. Ndiyo maana bado yu hai, ila mgongo umekwisha kwa kubeba viroba vya mawe.

Nilipochoka kumkanda kwa maji ya moto, nikamburuta hadi kliniki moja Shinyanga mjini. Wana kitanda cha mashine kinachovuta uti wa mgongo polepole, ili diski iache kubana mshipa wa fahamu. Maduhu akaikodolea macho mikanda ya kifuani na kiunoni.

"Nani anafunga hii?"

"Mimi, mzee," akajibu daktari.

"Basi tangulia wewe."

"Baba Sostenes, usitutie aibu!" nikafoka. Wapi!

Daktari akacheka, akajilaza, akajifunga mikanda. Mashine ilipoanza kuvuta, akafumba macho na kushusha pumzi.

"Afadhali! Mgongo wangu huu unanitesa tangu mwaka jana."

Maduhu akachukua kofia yake.

"Mama Sostenes, twende. Mwenye kitanda mwenyewe hajapona."