Shemeji Anataka Maksai Wangu, Nami Siuzi

Msomaji wetu kutoka Ufipa ameomba tulifiche jina lake. Mengine yote tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, nimesoma hadi kidato cha nne, na nimeolewa mwaka huu. Wasomaji wenzangu, naombeni mnivumilie nikisema kwamba nampenda mume wangu kupita kiasi. Akitoka shambani namjua kwa mluzi wake kabla hajafika kwenye ua, na moyo wangu unaruka kama wa mtoto aliyeona mgeni. Tunaishi kijiji cha pamoja, upande wa Kasense, na siku tulipofunga ndoa baba yangu alitukabidhi maksai wawili waliokwisha kuzoea nira. Alisema, "Msiwe watu wa kuazima."

Hao maksai ndio kisa.

Tangu watu wakusanywe vijijini, kila mtu amekuwa akitafuta ng'ombe wa kulimia. Baada ya mavuno wakaja wanunuzi na lori kutoka Mbeya, wakatoa bei ambayo haijapata kusikika Ufipa. Kaka wa mume wangu, anayekaa Izia na kufanya biashara ya mifugo, akaja kwetu anacheka peke yake.

"Uzeni hawa wawili," alisema, "mnunue madume wanne wadogo. Mkiwafunza kiangazi hiki, mwakani mnauza wanne kwa bei kubwa zaidi. Hii bei haishuki!"

Nikamuuliza, "Shemeji, nani amekwambia haishuki?"

"Si unaona mwenyewe? Kila wiki inapanda."

"Na kijiji kizima kikifunza madume, mwakani nani atanunua?"

Akamgeukia mume wangu. "Mdogo wangu, umeoa mwalimu mkuu. Shule imemfundisha kuogopa."

Wasomaji, sikuwa naogopa. Wala sikujua bei itakwenda wapi, na huyo anayejua bado sijamwona. Nilichojua ni kazi ya wale maksai: kulima shamba letu, na siku zinazobaki kuwalimia majirani wakatulipa ulezi. Hiyo ndiyo thamani yao machoni pangu. Haitatutajirisha. Tena mmoja anaweza kufa kwa ugonjwa wa ndigana kesho asubuhi, nalifahamu hilo. Lakini kuuza kinachotulisha ili tununue matumaini ya mwakani, nilikataa. Mume wangu akasema, "Kaka, ng'ombe wametoka kwao. Neno ni lake." Siku hiyo nilimpikia kuku!

Majirani waliuza. Shemeji aliuza wake, akauza na wa mama mkwe. Madume wadogo nao wakapanda bei kwa kuwa kila mtu aliwataka, na watu wakanunua hivyo hivyo. Nikipita kisimani wananiita Bibi Nira. "Bibi Nira, bado unalala na maksai wako?" Nikawajibu kwamba nalala na mume wangu, na wao walale na bei yao. Wakacheka, nikacheka zaidi.

Kisha lori halikurudi tena. Na hapo ndipo watu walipokumbuka jambo ambalo kila Mfipa analijua tangu utoto: dume mdogo hafunzwi peke yake. Hufungwa nira moja na maksai mzoefu, amfuate hatua kwa hatua mpaka aelewe. Wazoefu wote wamekwenda na lori. Mkiwafunga wadogo wawili pamoja wanazunguka, wanaruka, wanavunja plau. Kijiji chetu kimejaa wanafunzi, walimu ni wawili tu, na wako kwenye zizi langu.

Wiki iliyopita shemeji alirudi. Kwanza alitaka kununua, kwa bei kubwa kuliko ya lori. Nikakataa. Ndipo akasema, "Basi niazime wote wawili mpaka mvua zianze. Sisi ni ndugu, au shule imekufundisha na hilo ulisahau?"

Alikuwa amekuja na mama mkwe. Mama alinitazama tu, na macho yake yaliniuma kuliko maneno. Nikamwambia, "Mama, shamba lako tutalilima sisi, usiwe na hofu." Lakini shemeji ana watoto sita, na shamba lake litabaki majani.

Nikimwazima, maksai wangu watatenganishwa na kukokota wanagenzi kiangazi chote, majani yenyewe haya makavu. Mvua zikianza watakuwa mifupa, na sisi ndio tutakosa. Nikinyima, nitaitwa mke aliyewagombanisha ndugu kabla ndoa haijatimiza mwaka. Mume wangu ananishika mkono na kusema, "Lolote utakaloamua, mimi niko upande wako." Maskini mpenzi wangu, naona anavyokonda.

Kuuza siuzi, hata mkiniandikia nyote niuze. Na msinishauri niombe radhi, maana sijamkosea mtu. Ninachofikiria ni kumwambia shemeji alete madume wake hapa kwetu, tuwafunze asubuhi tu, mikononi mwa mume wangu, na majani ayakate yeye mwenyewe kwa ajili ya wote. Naye aje kuliomba hilo kwangu mimi, siyo kwa mdogo wake. Ninyi mlio kwenye ndoa siku nyingi, niambieni: namdai heshima iliyo haki yangu, au nabomoa nyumba ninayoipenda hivi? Nifanye nini?