Ofisini mimi ni dada wa mchumba wangu

Admin, nifiche jina tafadhali, Gitega watu wanajuana. Nina miaka 28, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Nafanya kazi kwenye shirika moja hapa mjini lenye tawi Muyinga. Mchumba wangu tuko naye ofisi moja, mwaka wa pili sasa. Na ujinga huu tuliufanya wenyewe, simsingizii mtu.

Kazini kwetu wapenzi wakijulikana, mmoja anaacha kazi. Siku moja mtu akatuona sokoni tumeshikana mikono, shefu, yaani bosi wetu, akatuita. Kabla sijafungua mdomo mwenzangu akasema, "Huyu ni dada yangu, mtoto wa baba mdogo." Naye amekulia Tanzania, hakuna anayepajua kwetu. Shefu akacheka: "Ah, voilà! Ndiyo maana Kiswahili yenu iko moja!" Tulipotoka nje nikamsifu mwenzangu kwa akili zake. Jamani, mimi!

Basi nikawa dada. Juzijuzi nikatumwa Muyinga wiki mbili, nikapokewa na sekretari wa pale, msichana mpole, hana baya. Akanipeleka hadi kwao Gasorwe, mama yake akanifungashia maharage. Siku ya kuondoka akanishika mkono. "Wifi, mi niko namupenda kaka yako. We unisemee kwake." Nilimwambia nitafikisha. Sikufikisha. Aliposubiri akachoka, akamwambia shefu.

Shefu kafurahi utadhani anaoa yeye. Akazungumza na mwenzangu, na Jumamosi hii wanakwenda Gasorwe gufata irembo, yaani kujitambulisha rasmi kwa wazazi wa binti. Shefu ndiye msemaji. Akaniambia mbele ya ofisi nzima, "We dada yake, utakaa na mama wa binti, anakujua." Watu wakapiga makofi. Nilienda chooni nikalia.

Jana nikamuuliza mwenzangu kwa nini hakukataa.

"Ningekataa kwa sababu gani? Nikisema ukweli, tunafukuzwa wote kwa uongo."

Nikamwambia, si useme tu humpendi?  Akasema, "Lakini ni msichana mzuri."

Sijala tangu hapo. Nikifungua mdomo, kazi imekwenda, na binti wa watu anaaibika kwao. Nikinyamaza, nitakuwa nimemposea mchumba wangu mke. Na yule binti ameshanitumia imvutano, vazi letu la sherehe, ya kuvaa siku hiyo, imenikaa vizuri kabisa. Mlionizidi akili, nambieni kabla ya Jumamosi: niivae, au niseme?